Treni ya mezani na hewa ya bahari: kwa nini husimama, na namna ya kuifanya izunguke kutwa

Ilikuwa Idi pili, na chumba changu cha uani hapa Ngamiani, Tanga, kilikuwa kimejaa watoto wa mtaa. Kwenye meza kubwa ya plaiwudi kichwa kimoja chekundu cha treni kilikuwa kinavuta mabehewa manne, kinazunguka, watoto wanahesabu mizunguko kwa sauti. Baada ya kama nusu saa kikaanza kusita. Kila kikifika upande wa dirishani, kwenye kona inayopokea upepo wa baharini, taa yake inafifia, kinashtuka, kinasimama. Nakisukuma kwa kidole, kinaondoka. Mzunguko unaofuata, palepale. Mtoto mmoja aliyekuwa ameegemeza kidevu ukingoni mwa meza akaniambia, "Ami, imechoka hiyo. Iache ipumzike."

Na mimi siku ile niliamini hivyohivyo. Nikaizima, nikaiacha ipoe saa nzima, tukala. Tulipoirudisha relini ilizunguka vizuri mara mbili tatu, kisha ikasimama kwenye kona ileile. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri sawasawa: mota iliyochoka haichagui mahali pa kuchokea. Ikiwa treni inasimama popote pale, tafuta ubovu ndani ya treni. Ikiwa inasimama mahali pamoja, ubovu uko njiani. Ni jambo dogo, lakini wengi wanaoniletea treni zao wanakuwa wameshafungua mota, wameshapoteza skrubu, na kumbe mota haikuwa na kosa.

Kwanza tuelewane ni chombo cha aina gani. Treni nyingi za mezani zinazofika huku, zikiletwa na ndugu walioko Ulaya au zikitoka kwenye mitumba, ni za kipimo cha 1:87, kinachoitwa HO. Kila kitu kimegawanywa kwa 87. Reli zake zina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha hiyo kwa 87 unapata milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli ya SGR iliyoanza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Njia yetu ya Tanga ni habari nyingine. Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, na waliijenga kwa upana wa mita moja. Kwa hiyo anayetaka kuiunda njia ya Tanga kwa usahihi, kwa kipimo hichohicho cha 1:87, anahitaji reli za milimita 12. Zipo, zinaitwa HOm, ila ni ghali na hazipatikani kirahisi. Mimi natumia za 16.5 na mabehewa ya Kijerumani, na watoto hawajawahi kulalamika.

Sasa tupige hesabu ya kazi tunayoitwika treni tunaposema izunguke kutwa. Treni ya kweli ikienda kilomita 80 kwa saa, kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni mita 920 kwa saa, yaani kama sentimita 25 kila sekunde. Ukiiwasha saa mbili asubuhi ukaizima saa kumi jioni, itakuwa imetembea kilomita saba na ushee juu ya meza. Gurudumu la kichwa lenye kipenyo cha milimita 11.5 litakuwa limezunguka zaidi ya mara 200,000. Na kama gia zake zimepangwa mota izunguke mara 15 ili gurudumu lizunguke mara moja, basi mota imezunguka kama mara milioni tatu. Kwa siku moja. Ndiyo maana siipendi kauli ya "ni kichezeo tu". Mashine inayofanya kazi ya namna hiyo inastahili kutunzwa kama fundi cherehani anavyoitunza cherehani yake.

Lakini si huo mzunguko unaoisimamisha. Vichwa vingi vizuri hubeba kazi hiyo kwa miaka. Kinachoisimamisha ni umeme kushindwa kuifikia.

Treni ya kweli hapa Tanga ni ya dizeli: inabeba chakula chake tumboni, na reli kwake ni ya kukanyagia tu. Ya mezani inalishwa kwa miguu. Reli moja ina umeme chanya, nyingine hasi. Gurudumu la kulia linachukua huku, la kushoto linachukua kule, vibati vyembamba vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa nyuma vinapeleka umeme kwenye mota. Na pale gurudumu linapogusana na reli pana ukubwa gani? Gurudumu ni duara, reli imebinuka kidogo kwa juu. Eneo la kugusana ni dogo kuliko punje ya ufuta, dogo sana. Umeme wote unaoendesha treni na kuwasha taa unapita kwenye vijipande hivyo vichache. Ukiweka hapo utando wa uchafu usioonekana kwa macho, treni imefungiwa chakula.

Uchafu huo unatoka wapi? Jambo hili linawachanganya watu, kwa sababu majibu yanaonekana kupingana. Mmoja atakwambia, "Endesha treni kila siku, reli zitabaki safi." Mwingine atakwambia, "Usiendeshe sana, reli zitachafuka." Wote wawili wanasema kweli.

Reli isiyopitiwa hushika kutu na utando. Hilo hata wakazi wa njia kuu ya kweli wanalijua: njia ya Tanga hadi Moshi ilikaa miaka bila treni, chuma kikawa cha hudhurungi na majani yakaota katikati ya mataruma, hadi treni za mizigo ziliporudi mwaka 2019. Uso wa reli unaong'aa ni kazi ya magurudumu. Kwenye meza ni vilevile, gurudumu linapita na kufuta utando mwepesi kabla haujawa mzito. Kwa upande huo mwendo unasafisha.

Lakini gurudumu halikai limegusa reli muda wote. Linarukaruka, kwa kiasi kidogo mno, linapopita kwenye maungio, kwenye vumbi, kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika. Kila linapoachana na reli kwa kitambo, umeme unaruka pengo hilo kwa cheche. Zima taa ya chumba usiku, inama usawa wa reli, uitazame treni ikija: utaziona, vidoto vya samawati chini ya magurudumu. Kila cheche inachoma kidogo chochote kilichopo pale, iwe mafuta, vumbi, jasho la vidole au chuma chenyewe. Majivu yake ni ule weusi unaobaki kidoleni ukipangusa reli. Weusi huo unaongeza pengo, pengo linaongeza cheche, cheche zinaongeza weusi. Kwa upande huo mwendo unachafua.

Kwa hiyo swali la kuendesha kidogo au sana halina maana sana. La maana ni kuzuia cheche zisizaane, yaani reli ziwe laini, kavu, zisizo na mafuta, na umeme ufike kwa nguvu ileile kila kona.

Hapa Tanga tuna adui wa ziada. Kona yangu ya dirishani haikuwa na ubovu wowote wa fundi. Kuanzia kusi linapoanza kuvuma hewa inaingia na chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Usiku reli zinakuwa na unyevu usiouona. Asubuhi ukiweka treni, cheche ni nyingi kuliko kawaida. Reli za bei rahisi za chuma cha kawaida, zile zinazoshikwa na sumaku, hazifai kabisa huku, zitakuwa na kutu kabla masika haijaisha. Reli za shaba nyeupe zinafaa zaidi. Watu huzidhania kuwa na fedha ndani yake kwa jinsi zinavyong'aa, lakini ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Nazo hufifia, ila polepole, na zinaendelea kupitisha umeme vizuri kuliko shaba ya manjano iliyofifia. Baada ya siku ile ya Idi nilihamisha kitasa cha dirisha na kuweka pazia zito, na hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya usumbufu.

Tuje kwenye kusafisha, ambako nimeona treni nyingi zikiharibiwa na watu wenye nia njema.

Usitumie msasa. Unajua kwa nini inashawishi: unapitisha mara mbili, reli inang'aa kama mpya, treni inaruka. Baada ya siku tatu hali ni mbaya kuliko mwanzo. Msasa unaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mfereji wa kuhifadhi weusi na mahali pa cheche kurukia. Mimi nilisugua mzunguko mzima kwa msasa miaka iliyopita, na mikwaruzo ile bado naiona nikiinamia reli jioni. Hairudi.

Spiriti, ile ya kupangusia kabla ya sindano, wengi ndiyo wanayoitegemea. Inasafisha, sikatai. Inaondoa mafuta na weusi na inakauka haraka. Lakini wazoefu wengi wa treni za mezani wameihama, na sababu yao inaeleweka. Vimiminika vya kusafishia viko vya namna mbili. Kuna vile ambavyo kila chembe yake ina upande chanya na upande hasi, kama maji na spiriti, na kuna visivyo na pande hizo, kama mafuta ya taa. Ndiyo maana maji na mafuta ya taa havichanganyiki hata ukitikisa chupa mchana kutwa. Kimiminika cha namna ya kwanza kinaacha uso wa chuma ambao cheche zinaupenda zaidi. Cha namna ya pili kinaacha uso ambao cheche hazishiki upesi. Kwenye meza yangu tofauti ilikuwa wazi. Nilipotumia spiriti nilikuwa nasafisha kila baada ya siku mbili tatu za kuendesha. Nilipohamia mafuta ya taa, wiki nzima inapita.

Furaha yangu ni kwamba mafuta ya taa yanauzwa kila kona ya mji huu. Namna ninavyofanya: nazima umeme wa meza, nafungua dirisha, nachovya kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, nakikamua mpaka kisidondoke, nakizungusha kidoleni na kupitisha juu ya reli bila kukandamiza. Kitambaa kikishakuwa cheusi nageuza upande. Halafu kitambaa kikavu, mara mbili, mpaka reli isionekane kulowa. Nasubiri harufu iishe ndipo nawasha. Kumbuka mafuta ya taa yanashika moto na treni inatoa cheche. Huo uvumilivu wa dakika ishirini si wa hiari. Na watoto wasiachiwe chupa hiyo.

Kwa usafi wa kila siku kuna kifaa rahisi ambacho kinasafisha treni ikiwa kazini. Chukua kipande cha hadibodi, ile ambayo upande mmoja ni laini na mwingine una vinyweleo kama kitambaa kigumu. Kata kiasi cha upana wa behewa na urefu wa vidole vitatu. Kitobolee misumari miwili midogo kwa juu, na behewa moja la mizigo lenye mzigo ndani ulitoboe chini ili misumari ile ining'inie kwa ulegevu. Kipande kinaburutwa juu ya reli kwa uzito wake chenyewe, upande wa vinyweleo ukiwa chini. Baada ya siku moja kitoe, ukigeuze, utaona mistari miwili myeusi iliyonyooka. Huo ni weusi ambao ungekuwa kwenye magurudumu. Usikilowanishe na chochote. Seremala wa mtaani alinipa mabaki yake bure, na yamenitosha miaka.

Magurudumu nayo yasisahauliwe, kwa kuwa reli safi na gurudumu chafu ni kama kuoga na kuvaa nguo ya jana. Gurudumu la plastiki hukusanya uchafu zaidi kuliko la chuma, na kisha linaupaka njia nzima. Ukipata uwezo badilisha mabehewa yako yawe ya magurudumu ya chuma. Kwa kichwa, weka kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kivuke reli zote mbili. Weka kichwa ili magurudumu ya mbele yakae juu ya kitambaa na ya nyuma yaguse reli wazi. Kishike kwa vidole, washa umeme kidogo tu: ya nyuma yanachukua umeme, ya mbele yanajisugua. Utaona michirizi miwili myeusi ikichoreka. Geuza, fanya upande wa pili. Hii ndiyo hali pekee ambayo huwa nawasha umeme kitambaa kikiwa na unyevunyevu, na nakikamua mpaka kinakaribia kukauka. Ukitaka usalama kamili, sugua kwa kijiti cha pamba cha masikio, gurudumu moja moja, umeme ukiwa umezimwa. Ukikuta gurudumu lenye pete ya mpira, ile ya kuongeza mshiko, usiitie mafuta ya taa. Hutanuka na kutoka. Ipanguse kwa kitambaa kikavu.

Nina kisa kimoja cha magurudumu ambacho nadhani kingetokea hapa tu. Behewa la tatu lilikuwa linaburuta. Halisimami, ila treni nzima inalemaa, na mota ikiguswa ni ya moto. Nililigeuza juu ya kiganja, nikawasha tochi ya simu. Kwenye ekseli moja, kati ya gurudumu na fremu, palikuwa na kitu kama pete nyembamba ya rangi ya maziwa. Nikakishika kwa koleo ndogo ya nyusi na kuvuta. Kikaanza kutoka, kikatoka, kikatoka, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ni uzi wa katani. Sakafuni nilikuwa na mkeka wa katani, na nyuzi zake zinapeperuka na feni, zinatua relini, gurudumu linazikunja kama mkonge unavyokunjwa kiwandani. Mkonge wenyewe uliletwa nchini mwaka uleule wa 1893 reli ilipoanza, na reli hii ndiyo iliyoubeba kwenda bandarini miaka na miaka; sikutegemea ungenifuata mpaka mezani. Mkeka nimeutoa chumbani. Kila mwezi napindua kila behewa na kutazama ekseli zote, na nywele za kichwani ninakuta nyingi kuliko za katani.

Kuhusu kulainisha, kosa la kawaida ni wingi. Kichwa kinachoendeshwa kutwa kinahitaji mafuta, ndiyo, ila tone linalobebwa na ncha ya sindano ya kushonea, si zaidi, kwenye kila kishikio cha ekseli na kwenye ncha mbili za mhimili wa mota. Mafuta yakizidi yanateremka kwenye magurudumu na kurudi kwenye reli, na tumeshaona yanaishia wapi. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa pale chuma kinapogusana na chuma. Kwenye gia za plastiki tafuta yaliyoandikwa kuwa hayali plastiki, au grisi nyepesi ya namna hiyo. Mafuta ya nazi na ya kupikia usiyakaribishe kabisa. Baada ya wiki chache yanaganda kama gundi. Vichwa vya mitumba vinavyotoka Ulaya mara nyingi vina ugonjwa huohuo: grisi iliyotiwa miaka thelathini iliyopita imekuwa ngumu kama nta ya mshumaa. Kabla hujakiwasha, kifungue, kwangua grisi ile kwa kijiti cha meno, safisha, tia mpya kidogo. Nilikiwasha kimoja bila kufanya hivyo na mota ikaungua mikononi mwangu.

Ndani ya mota zenyewe kuna kaboni mbili ndogo, mafundi wanaosuka mota huziita makaa, zinazosugua pete ya shaba na kuipa umeme. Zimeundwa ziishe ili pete isiishe. Unga wake mweusi hujaa kwenye mianya ya pete ile, na mwanya ukijaa mota inakula umeme mwingi na kupata joto. Kijiti cha meno kinatosha kuisafisha mianya. Mota nyingi za siku hizi zimefungwa moja kwa moja na hazifunguki. Hizo huishi maisha yake na kubadilishwa nzima.

Turudi kwenye umeme kufika kila kona kwa nguvu ile ile. Reli za mezani zinaungwa kwa vibati vidogo vya kuchomeka, mfano wa zile fishpleti za reli kubwa. Kwa kushikilia reli kibati kinatosha. Kwa kupitisha umeme kinategemea mgusano mwingine mdogo unaoweza kuchafuka. Chukulia kila ungio lililochakaa linaongeza upinzani wa omu mbili, na kichwa kinavuta nusu ampea. Kila ungio linakula volti moja. Ukiwa na maungio matatu ya namna hiyo kabla ya kona ya mbali, kati ya volti 12 ulizopeleka zinafika tisa. Treni inapunguza mwendo kila ikifika huko, na mwenyewe anaongeza swichi, ikirudi upande wa karibu inakimbia na kuacha njia. Dawa yake si kuongeza volti. Pitisha waya nene mbili chini ya meza, kisha kila baada ya mita moja hivi teremsha kijiwaya kutoka kila reli, ulehemu kwenye zile nene. Ni kazi ya siku moja na hutairudia. Kama kuna jambo moja katika makala haya ningekuomba ulifanye kesho, ni hili.

Kuhusu mfumo wa kidijitali nitasema kwa ufupi. Katika mfumo wa zamani volti ndiyo mwendo: ongeza volti, treni inaongeza mwendo. Katika wa kidijitali, unaoitwa DCC, ambao viwango vyake viliwekwa miaka ya 1990, reli zina umeme kamili wakati wote, kama volti 15, na umeme wenyewe unabeba amri. Kila kichwa kina kijikompyuta chenye namba yake, kinasikiliza amri zake tu. Faida yake ni treni mbili kwenye njia moja kwa mwendo tofauti. Hasara yake kwa mtu wa pwani ni kwamba kijikompyuta hakivumilii uchafu. Mota ya zamani ikikosa umeme kwa kitambo inateleza tu ikapita. Kijikompyuta kikikosa umeme kinazimika na kuanza upya. Wengi hufunga kapasita ndogo, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo, ndani ya kichwa ili kiendelee kwa sekunde moja mbili bila reli, na kwa hapa nashauri ifungwe tangu mwanzo.

Na ukitaka treni mbili zizunguke zenyewe kwenye duara moja bila kugongana, gawa duara katika vipande vilivyokatika kiumeme, na hakikisha vipande vinazidi treni angalau kwa kimoja. Treni mbili, vipande vitatu. Kwa nini? Treni haiwezi kuondoka mpaka kipande cha mbele yake kiwe kitupu, na vipande vikilingana na treni hakuna kitakachokuwa kitupu hata siku moja.

Meza nayo hutembea. Watu hufikiri joto ndilo linaloipinda reli, na kweli shaba nyeupe hutanuka: mita kumi za reli zikipanda nyuzi 15 za joto zinaongezeka kama milimita mbili na nusu. Lakini hapa joto halipandi na kushuka sana kati ya usiku na mchana. Mbao ndizo zinazobadilika. Masika plaiwudi inanyonya unyevu na kuvimba, kaskazi inakauka na kusinyaa, na reli zilizopigiliwa juu yake zinavutwa huku na huku hadi maungio yanaachana au yanabinuka. Acha nafasi ya unene wa kadi ya simu kwenye baadhi ya maungio. Zaidi ya hapo, paka vanishi pande zote za ubao, juu, chini na hasa kwenye kingo zilizokatwa, kwa sababu ubao unakunywa maji zaidi kwenye kingo. Wengi wanapaka juu tu, na ubao uliopakwa upande mmoja unapinda kama gamba la muwa lililoachwa juani.

Umeme wa nyumbani ukikatika, zima transfoma ukutani mara moja, usisubiri urudi. Unaporudi huja na mshtuko. Na kabla ya kuchomeka transfoma yoyote ya mtumba, soma maandishi nyuma yake: za Marekani ni za volti 120, zetu ni 230. Nilichoma moja kwa kutosoma, chumba kikajaa moshi.

Sasa kuhusu kupumzisha, kwa sababu yule mtoto hakukosea kabisa. Kule Hamburg, Ujerumani, kuna maonyesho ya treni za mezani yanayoitwa Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yenye treni zaidi ya 1,000 zinazozunguka mbele ya wageni. Hazizunguki hivyo kwa sababu ya uimara wake peke yake. Kuna mafundi wa karakana ambao kazi yao ni kuzitoa njiani, kuzisafisha na kuzirekebisha, nyingine zikichukua zamu. Mimi nina vichwa vitatu tu, na kila kimoja kina zamu. Kinaendeshwa kama saa moja, kinaingia pembeni, kingine kinatoka. Kigezo changu ni kidole: nakiweka juu ya paa la kichwa. Kikiwa cha uvuguvugu sawa. Kikiwa cha moto mpaka kidole kinataka kuondoka, kinatoka njiani na natafuta sababu, na mara nyingi sababu ni uzi kwenye ekseli au mafuta yaliyokauka.

Vikitoka kazini kwa muda mrefu, usiviweke kwenye sponji. Sponji kwa joto na unyevu wa hapa inaoza ikawa utomvu, inashika rangi na kuiondoa. Fungia kwa karatasi laini, ndani ya dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nimewaambia majirani wasivitupe, wananiletea.

Karibu na swichi ninaweka daftari la shule. Tarehe, kichwa gani, kimezunguka muda gani, kimesimama wapi, nimefanya nini. Lilipofika ukurasa wa nne nikagundua kwamba kusimama kwingi kwa mwezi Mei kulikuwa kwenye kona mbili tu, na nilipofunua moja nikakuta kijiwaya kimekatika chini ya meza, kimeliwa na chumvi pale nilipokilehemu bila kukifunika. Nikakilehemu upya, nikakipaka rangi ya kucha. Idi iliyofuata kichwa chekundu kilipita dirishani mizunguko 340 kwa hesabu ya watoto, kabla ya mama mmoja kuja kuwaita wale chakula.